Kuikabidhi Mashine Pepe Kadi ya Mtandao kwa VFIO

Kompyuta ya mezani iliyotumika, ya zile zinazouzwa Kariakoo, inatosha kuipa mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi) kadi ya mtandao iitumie moja kwa moja, mradi prosesa na mazabodi yake viwe na IOMMU, kitengo kinachosimamia vifaa vinavyofikia kumbukumbu, ambayo Intel huiita VT-d na AMD huiita AMD-Vi. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji aiwashe ili uingie kwenye BIOS ukitazame kipengele hicho kwa macho yako. Kadi ya mtandao husoma na kuandika kumbukumbu bila kupitia prosesa. IOMMU ndiyo inayoizuia isivuke mipaka ya mashine pepe iliyokabidhiwa.

Kwenye Intel, ongeza intel_iommu=on katika mstari wa kuwasha kerneli, kiini cha Linux, kisha uwashe upya. Kwenye AMD, kuiwezesha katika BIOS kwa kawaida hutosha. Baada ya hapo fungua /sys/kernel/iommu_groups, saraka ya makundi ya vifaa ambavyo IOMMU haiwezi kuvitenganisha. Ikiwa tupu, rudi BIOS.

Usiharakishe hapa. VFIO, sehemu ya kerneli inayokabidhi vifaa kwa programu kama mashine pepe, iliyoingia Linux toleo la 3.6 mwaka 2012, huhesabu usalama kwa kundi zima la vifaa wala si kwa kifaa kimoja, kwa hiyo kila kilichomo katika kundi, isipokuwa madaraja ya PCI, lazima kiachiliwe na draiva ya mwenyeji, yaani kompyuta halisi. Kadi yangu ya milango miwili, 03:00.0 na 03:00.1, ilikuwa kundi moja na kidhibiti cha SATA kilichobeba diski ya mfumo wenyewe. Kuitoa ingekuwa kulikata tawi nililokalia. Niliihamishia nafasi nyingine ya mazabodi, ikapata kundi lake.

Pakia moduli kwa modprobe vfio-pci. Kisha, kwa kila mlango, andika vfio-pci katika faili ya driver_override iliyo ndani ya /sys/bus/pci/devices/0000:03:00.0, andika anwani hiyo katika driver/unbind, na mwisho uiandike katika /sys/bus/pci/drivers_probe. Usifanye hivyo ukiwa umeingia kwa mbali, kwa SSH, kupitia kadi hiyohiyo, la sivyo utatoka Mbagala hadi Posta, na foleni yake, kwenda kubonyeza kitufe.

QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, sasa hufungua faili ya kundi chini ya /dev/vfio na kuiuliza kerneli kwa ioctl, wito wa programu kwa kerneli kuhusu kifaa: VFIO_DEVICE_GET_REGION_INFO huleta maeneo ya kumbukumbu, na VFIO_DEVICE_GET_IRQ_INFO huleta njia za ukatizaji. Uwezo wa kadi umo katika baiti 4096 za usanidi wa PCIe, ukiwa mnyororo ambao kila pingili huitaja inayofuata. MSI-X, uwezo wa kutuma ukatizaji kama ujumbe, kwa mfano, ina namba 0x11. Kerneli haiupitishi mnyororo huo jinsi ulivyo, kwani huficha pingili isizozitambua. Linganisha matokeo ya lspci -vv, amri inayoorodhesha vifaa vya PCI, ya mwenyeji na ya mashine pepe.

Kumbukumbu yote ya mashine pepe hufungwa mahali pake, haiwezi kuhamishiwa diski. QEMU ikilalamika kwamba imeshindwa kupata kumbukumbu, pandisha kikomo cha memlock, yaani kiasi cha kumbukumbu ambacho programu inaruhusiwa kufunga, kabla ya kuilaumu kadi.