Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Mwigizaji wa Kike wa Enzi za Studio: Mfano wa Olivia de Havilland

Anayeandika wasifu wa mwigizaji wa kike aliyevuma Hollywood kati ya miaka ya 1930 na 1950 hushawishika kuanza na uzuri wake, kupitia wanaume aliowapenda, kisha kufikia tuzo alizopewa. Wasifu wa namna hiyo huandikika upesi, lakini msomaji akiumaliza hajui kwa nini mwanamke huyo alicheza filamu hii na si ile, wala kwa nini kuna miaka ambayo hakuonekana kabisa. Ushauri wangu ni kwamba utafute kwanza habari za mkataba wake wa kazi, ndipo mengine yote uyapange kuuzunguka. Nitamtumia Olivia de Havilland kama mfano, kwa sababu mkataba wake ulifika mahakamani na hukumu yake bado inatajwa kwa jina lake.

Utoto usiupe kurasa nyingi; chukua yale tu yatakayofafanua mambo ya baadaye. Olivia alizaliwa Tokyo tarehe 1 Julai 1916, mtoto wa Waingereza wawili: Walter, mwanasheria wa hataza (haki za uvumbuzi), na Lilian, aliyekuwa mwigizaji. Mdogo wake, Joan, alizaliwa mwaka uliofuata. Mwaka 1919 mama aliondoka Japani na mabinti wake, wakaishia kuishi Saratoga, California, ambako aliolewa tena na mwanamume aitwaye Fontaine. Hilo jina la baba wa kambo litaje mapema, kwa kuwa Joan ndiye aliyelichukua kuwa jina lake la uigizaji, na msomaji asiyeambiwa atashangaa ndugu wa tumbo moja wametofautianaje majina. Kutoka hapo ruka hadi 1934, pale mwongozaji Max Reinhardt alipoandaa tamthilia ya Shakespeare, A Midsummer Night's Dream, katika Hollywood Bowl, ukumbi wa wazi. Olivia alikuwa mwigizaji wa akiba wa nafasi ya Hermia. Aliyepangiwa nafasi hiyo akaondoka, naye akapanda jukwaani. Studio ya Warner Bros. walipoamua kuigeuza tamthilia hiyo kuwa filamu walimtaka pia, na akatia saini akiwa na umri wa miaka 18.

Hapa sasa usiwe na haraka, kwa sababu wasomaji wengi wa leo hawajui mkataba wa studio ulikuwa mnyama wa aina gani. Kwa kawaida ulikuwa wa miaka saba, lakini miaka hiyo ilimfunga upande mmoja tu: kila kipindi kilipokwisha, studio ndiyo iliyoamua kama itaendelea naye au itamwacha, ilhali yeye hakuwa na ruhusa ya kuondoka. Studio ilimpangia nafasi za kucheza, na iliweza kumwazima kwa studio nyingine, ikatoza zaidi ya mshahara inaomlipa na kubaki na tofauti hiyo. Akikataa filamu, alisimamishwa bila malipo, na muda aliosimamishwa uliongezwa mwishoni mwa mkataba. Mweleze msomaji kwa hesabu: mwigizaji aliyekataa filamu ya kupigwa kwa wiki kumi hakulipwa kwa wiki hizo kumi, na mwisho wa mkataba wake ulisogea mbele wiki kumi. Akifanya hivyo mara tano, amejiongezea karibu mwaka mzima wa kutumikia. Ukishaweka hesabu hiyo wazi, huhitaji tena kumwita mwigizaji wako shujaa, maana msomaji atajionea mwenyewe kila kukataa kulimgharimu kiasi gani.

Ukiwa na mkataba mkononi, orodha ya filamu zake inaanza kusomeka kwa namna nyingine. Alicheza filamu nane pamoja na Errol Flynn, kuanzia Captain Blood ya 1935 hadi They Died with Their Boots On ya 1941. Usizidharau, Marian wake katika The Adventures of Robin Hood ya 1938 bado anapendeza, na ucheshi alioutia haukuwa wa kufundishwa. Hata hivyo, katika nyingi ya filamu hizo kazi yake ilikuwa kupendwa na kusubiri, naye alijua hivyo. Ndiyo maana ulipofika wakati wa Gone with the Wind, iliyotayarishwa na David O. Selznick nje ya Warner, alitaka sana nafasi ya Melanie. Jack Warner, mkuu wa studio yake, hakutaka kumwazima, hivyo Olivia akaenda kuzungumza na mke wa Warner, Ann, na huyo ndiye aliyemlainisha mumewe. Kisa hiki kidogo kiandike kwa ukamilifu, kwa kuwa kinaonyesha namna mtu asiye na sauti ndani ya mkataba anavyotafuta mlango wa nyuma. Nafasi hiyo ilimfanya ateuliwe kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi, lakini mwaka 1940 ilichukuliwa na mwenzake wa filamu hiyohiyo, Hattie McDaniel, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo. Usiitaje tuzo hiyo kama kushindwa kwa Olivia peke yake.

Kuhusu tarehe, chora jedwali lenye safu tatu: filamu ilipigwa lini, ilitolewa lini, na kama ilipata tuzo, sherehe ilifanyika lini. Nilipoandika rasimu yangu ya kwanza nilifuata miaka ya kutolewa peke yake, nikajikuta nimempa Olivia mwaka wa kazi nyingi mno, 1946, ulipokuja na filamu nne. Mojawapo, Devotion, inayohusu akina Brontë, ndugu waandishi wa Uingereza, ilikuwa imekwisha kupigwa kabla ya kesi yake na studio, ikakaa kabatini kwa miaka. Kwa upande mwingine, 1944 na 1945 hakuna filamu yake hata moja iliyotoka, na mwandishi mvivu huandika kwamba alikuwa amepumzika. Safu ya tatu nayo ina mtego wake: To Each His Own ni filamu ya 1946, lakini Oscar yake ilitolewa 1947.

Miaka hiyo miwili mitupu ndiyo kiini cha wasifu wote. Miaka saba tangu mkataba uanze kutumika ilitimia Mei 1943, lakini Warner walidai kwamba bado anadaiwa miezi kadhaa kwa ajili ya muda aliosimamishwa. Mwanasheria wake, Martin Gang, alimwonyesha kifungu cha sheria za kazi za California kilichokataza mtu kufungwa na mkataba wa utumishi kupita miaka saba. Mabishano mahakamani yalihusu maana ya mwaka. Studio ilisema ni mwaka wa kazi iliyofanyika kweli. Upande wa Olivia ulisema ni mwaka wa kalenda, miezi kumi na miwili inayopita iwe mtu amefanya kazi au hakufanya. Nukta hiyo ieleze kwa utulivu na bila maneno makubwa, kwa sababu kila kitu kimeegemea hapo. Ni vyema pia ukumbushe kwamba Bette Davis, wa studio hiyohiyo, alikuwa amejaribu kuuvunja mkataba wake mwaka 1936 na kushindwa katika mahakama ya Uingereza, kwa hiyo Olivia alijua anachokitia hatarini. Wakati kesi ikiendelea, Warner aliziandikia studio nyingine zisimpe kazi, naye akautumia muda huo kuwatembelea askari majeruhi hospitalini. Alishinda, na Desemba 1944 Mahakama ya Rufaa ya California ikaithibitisha hukumu hiyo. Mwaka 1945 Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa kuipitia upya.

Baada ya hapo onyesha alichokifanya na uhuru wake, na uchague onyesho moja uliangalie kwa karibu badala ya kuzisifu filamu zote kwa ujumla. Mimi ningechagua ngazi za The Heiress, filamu ya 1949 iliyoongozwa na William Wyler. Mara ya kwanza, Catherine, mhusika anayechezwa na Olivia, anazipanda kupambazuka, mkononi ana sanduku la safari, baada ya kumsubiri usiku kucha mchumba ambaye hakuja. Inasimuliwa kwamba Wyler hakuridhika na sanduku tupu, akaamuru lijazwe vitabu ili uzito uonekane mwilini. Mara ya pili, mwishoni, mchumba amerudi na anagonga mlango uliokwisha kukomewa, naye Catherine anazipanda ngazi zilezile na taa mkononi, bila kugeuka. Mwandishi akieleza tofauti ya migongo miwili hiyo, amekwisha kueleza kwa nini filamu hiyo ilimpa Oscar ya pili mwaka 1950.

Uhasama wake na Joan hautaepukika, lakini upime. Yaliyo wazi ni kwamba kwa mwaka wa filamu wa 1941 wote wawili waliwania tuzo moja, na Joan ndiye aliyeipata. Mengine mengi yametoka katika magazeti ya udaku au kinywani mwa ndugu mmoja akimsema mwenzake. Ukiyatumia, taja nani alisema. Ndoa zake mbili, ya Marcus Goodrich na ya Mfaransa Pierre Galante, zinatosha kwa aya moja, kwa kuwa ya pili inafafanua kwa nini aliishi Paris tangu miaka ya 1950 hadi kifo chake, tarehe 26 Julai 2020, akiwa na umri wa miaka 104. Katika aya hiyohiyo taja kwamba mwaka 1965 alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza jopo la majaji wa tamasha la filamu la Cannes.

Kesi yake ya mwisho usiiache nje. Mwaka 2017, akikaribia kutimiza miaka 101, alikishtaki kituo cha televisheni cha FX kwa jinsi kilivyomwonyesha katika tamthilia, na mwaka uliofuata akashindwa kwenye rufaa. Ningeiweka mara tu baada ya kesi ya kwanza, hata kama inavuruga mfuatano wa miaka, ili msomaji aone mwanamke yuleyule akirudi katika mahakama za California zaidi ya miaka sabini baadaye, safari hii akidai si muda wake wa kazi bali jina lake.