Kushona Ngozi Nene kwa Cherehani ya Kazi Nzito

Fundi wa Lindi au Mtwara aliyezoea vitenge, akitaka kuingia katika mikanda, mikoba na makubadhi, ajue kwanza kwamba tundu la sindano kwenye ngozi halizibiki. Kwa hiyo asianze na kazi ya mteja, bali na mabaki ya ngozi ileile, yenye unene uleule.

Panapohitaji uangalifu mkubwa ni kwenye sindano na uzi, kwa kuwa hapo ndipo mwanafunzi hukwama akidhani cherehani ni mbovu. Tumia sindano ya ngozi, ambayo ncha yake hukata badala ya kusukuma tu, pamoja na uzi wa nailoni au poliesta. Uzi wa pamba haufai, kwani huoza mapema kwa jasho na unyevu wa pwani yetu. Sindano namba 18 huchukua uzi wa wastani, na namba 22 uzi mnene. Urefu wa mshono uwe milimita 4 hivi, maana matundu yaliyosongamana hudhoofisha ngozi, ikachanika kwenye mstari wa mshono.

Shikiza kingo kwa gundi, usitumie pini. Ukifika kwenye kona, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano izame ndani ya ngozi, ndipo unyanyue mguu wa cherehani na kugeuza kazi. Uzi wa juu ukifanya vitanzi upande wa chini, ongeza mkazo wake kidogo kidogo.

Kwa sababu hewa ya bahari huleta kutu, futa cherehani kila jioni na utie mafuta, kisha ushone kipande chakavu ili mafuta yaliyozidi yasiichafue ngozi nzuri.