Treni imeanguka na watu wanasema "ni mtumba": jinsi ya kuchimba mwenyewe kabla hujasambaza

Kila treni ya abiria ikiacha njia kuna maneno yanafika kabla majeruhi hawajafika hospitali: mlinunua mtumba, mlitegemea nini. Desemba 2025 huko Mexico treni ya Interoceánico iliacha njia karibu na Nizanda, jimbo la Oaxaca, watu zaidi ya 10 wakafa, na kwa kuwa laini ile inajulikana ilinunua vichwa na mabehewa yaliyokwisha kupiga kazi Uingereza, maneno yalielekea wapi unajua mwenyewe.

Sitetei mtumba hapa, na mtumba wa reli una mambo yake mabaya tutayafikia. Ila ukiishia kwenye "ni mtumba" hujaeleza ajali, umetaja bei tu. Hivi ndivyo ninavyoshauri ufanye ukikutana na habari ya namna hiyo, iwe ya huku kwetu au ya mbali.

Tenganisha maswali mawili kwanza

La kwanza: nini kimeitoa treni kwenye reli? La pili: ikishatoka, kwa nini huyu kafa na yule katoka na mchubuko? Kwenye habari haya yanapikwa chungu kimoja, na hapo ndo watu wanapotea, kwa sababu umri wa behewa mara nyingi haumo kwenye swali la kwanza kabisa lakini umejaa tele kwenye la pili.

Mfano mzuri kuliko yote ninayoijua ni Carmont, Uskoti, karibu na Stonehaven, tarehe 12 Agosti 2020. Asubuhi ile mvua ilipiga balaa, ndani ya masaa kama matatu zilishuka milimita 51.5, karibu robo tatu ya mvua ya mwezi mzima wa eneo lile. Treni iliyotoka Aberdeen saa 12:38 asubuhi kwenda Glasgow ikasimamishwa Carmont maana mbele kifusi kimefunga njia, ikakaa zaidi ya masaa mawili, afu ikaambiwa irudi Stonehaven. Dereva akamuuliza mtu wa ishara kama apunguze mwendo, akajibiwa hakuna haja. Akaenda mwendo wa kawaida tu unaoruhusiwa pale, kilomita 117 kwa saa, na kabla hata hajamaliza kilomita tatu akakuta mawe na kokoto zimemwagika juu ya reli. Kichwa cha mbele kikatoka, kikagonga ukingo wa daraja, kikaporomoka bondeni, mabehewa yakatawanyika. Ndani walikuwa watu 9 tu, ilikuwa kipindi cha korona. Watatu walikufa: dereva, kondakta na abiria mmoja. Sita wengine wote waliumia.

Jibu la swali la kwanza sasa. Mawe yalitoka wapi? Kuna mtaro wa maji pembeni ya njia uliojengwa 2011 na 2012, na wachunguzi wa RAIB, kile chombo cha Uingereza cha kuchunguza ajali za reli, wakakuta mkandarasi Carillion hakuujenga kama mchoro ulivyotaka. Lilikuwepo tuta ambalo kwenye mchoro halipo, likawa linakusanya maji na kuyasukumia sehemu moja ya mtaro, mvua kubwa ilipokuja ikazoa changarawe zote za mtaro ikazibwaga relini. Hapo treni ingekuwa imetoka kiwandani wiki iliyopita ingekutana na mawe yaleyale. Septemba 2023 mahakama ya Aberdeen iliwapiga Network Rail, wenye njia, faini ya pauni milioni 6.7, na walikiri kosa wenyewe.

Wengine wakifika hapo wanafunga faili: mtumba hauna kosa. Subiri.

Treni ile ilikuwa HST, ile ya vichwa viwili vya dizeli mbele na nyuma, ya miaka ya 1970. Ilitumika miaka na miaka kwenye laini za Great Western, wao walipopata treni mpya hizi zikakarabatiwa zikapelekwa ScotRail, shirika la treni la Uskoti. Kwa maneno mengine ni mtumba wa ndani ya nchi. Zilichorwa kabla ya viwango vya 1994 vya jinsi treni inavyotakiwa kuhimili mgongano, na RAIB walisema kwamba kama lingekuwa behewa la viwango vya sasa, kuna uwezekano mkubwa madhara yangepungua. Mabehewa yaliachana, mabogi, yaani yale matoroli yenye magurudumu chini ya behewa, yakachomoka, na dereva kwenye kile kichumba chake hakuwa na kinga ya maana. Wakakuta pia kutu kwenye baadhi ya sehemu za mabehewa, mabehewa ambayo yalishapita karakana kufanyiwa ukarabati mkubwa! Ripoti ilitoka Machi 2022 ikiwa na mapendekezo 20, mengine ya mitaro, mengine ya mawasiliano siku za mvua, mengine ya hizo treni zenyewe.

Kwa hiyo njia iliangusha treni, na uzee wa treni ukaongeza maumivu. Vyote viwili ni kweli na anayekwambia kimoja tu anakuuzia kitu.

Jua umri wa behewa bila kumuuliza mtu

Hii wengi hawajui na ni rahisi. Behewa lolote lina kibati cha kiwanda, kidogo tu cha chuma, mara nyingi kimepigwa riveti kwenye fremu chini au pembeni ya mlango, kina jina la kiwanda na mwaka. Rangi mpya inaficha mengi ila kibati huwa wanakizunguka na brashi, ukikuza picha vizuri utaona.

Pili ni namba. Mabehewa ya Ulaya yanakuwa na namba ndefu ya tarakimu 12 ubavuni, na tarakimu ya tatu na ya nne zinakwambia nchi: 80 Ujerumani, 87 Ufaransa, 83 Italia, 71 Uhispania, 70 Uingereza. Huko Uingereza kwenyewe wanapenda namba fupi, zile HST vichwa vyake vyote vinaanza na 43, kilichokuwa mbele siku ya Carmont ni 43140. Ukiwa na namba fupi kama hiyo historia yake yote inapatikana, kuna wazee wa kule kazi yao ni kuandika kila kichwa kilitoka karakana gani lini, wacha kabisa.

Tatu, na hii ndo naipenda, tafuta herufi REV chini kwenye fremu. Pale wanaandika ukaguzi mkubwa wa mwisho ulifanyika lini na karakana gani. Ukikuta behewa limeshushwa bandarini linang'aa kama sahani na REV yake ni ya zamani, hapo una swali zuri la kuuliza kuliko "je ni mtumba".

Upana wa reli nao unaongea. Reli yetu ya zamani ya Tanzania, Kenya na Uganda ni mita moja, TAZARA ni milimita 1067, SGR ni 1435. Treni za DMU za Nairobi, zile za dizeli zenye injini ndani ya mabehewa yenyewe, zilizoanza 2020 zilitoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, zimeshatumika huko, na hazikuchaguliwa kwa bahati, Mallorca reli yao ni ya mita moja kama hiyo ya Nairobi. Kwa hiyo mtu akikwambia behewa fulani la reli ya mita moja limetoka nchi fulani, angalia kwanza kama nchi hiyo ina reli ya upana huo, vinginevyo lazima kuna mabogi yamebadilishwa na hapo uulize nani kabadilisha.

Na usiruke upande wa pili pia. Novemba 2022 TRC, Shirika la Reli Tanzania, ilipopokea mabehewa 14 ya SGR toka Korea Kusini watu walibisha mitandaoni kwamba yametumika, wengine kwa kuangalia vumbi tu. Vumbi la meli sio ushahidi jamani.

Uliza kimekarabatiwa nini

Neno "yamekarabatiwa" kwenye taarifa za serikali linabeba mzigo mkubwa sana. Ni kama unavyoagiza gari Japan: siti zimeoshwa, redio inawaka, harufu nzuri, ila fundi mwenye akili anaingia uvunguni kwanza. Siti mpya, kiyoyozi, soketi za kuchajia simu, vyoo vya kisasa, hivyo vyote ni ukarabati na havimwokoi mtu. Wewe tafuta kama taarifa inataja magurudumu, breki, fremu na kutu.

Magurudumu hasa. Ukingo wa gurudumu, ule unaokaa upande wa ndani wa reli, ndo unaoshikilia treni isitoke. Ukilika ukawa mwembamba, kwenye kona au kwenye swichi, pale njia zinapogawanyika, treni inapanda juu ya reli na imeisha hiyo. Ufa nao hauuoni kwa macho, unatafutwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na lazima kuwe na rekodi. Hata treni changa inakufa kwa gurudumu: Eschede, Ujerumani, 3 Juni 1998, treni ya kasi ya ICE haina hata miaka 10 barabarani, ringi ya gurudumu ilikatika kwa uchovu wa chuma na watu 101 wakafa. Siku ile hakuna aliyeweza kusema mtumba.

Breki usisahau. Treni ni nzito, na breki za behewa la huku zinatakiwa zisikilizane na za kichwa cha kule. Ukichanganya mabehewa ya vizazi tofauti bila kupima upya unatafuta matatizo. Eseka, Kamerun, Oktoba 2016, barabara ya Yaoundé kwenda Douala ilikatika, abiria wakafurika stesheni, treni ikaongezewa mabehewa 8 ikawa na 17, ikaondoka hivyohivyo na breki zisizo sawa na mwendo uliozidi, hesabu ya serikali ilikuwa vifo 79. Na sisi tunayo ya Igandu, Dodoma, 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko bila kuzuilika ikaenda kugongana na ya mizigo, watu 281 wakafa. Ukisoma hizo mbili swali la "ni ya mwaka gani" linakuwa dogo sana mbele ya "ilikaguliwa breki nani kabla ya kuondoka".

Halafu spea. Modeli ikishaacha kutengenezwa, spea inatoka kwenye ndugu zake waliokufa, yaani unanunua vichwa vitano viwili ni vya kuchinja. Sio dhambi, mashirika makubwa wanafanya, ila lazima mkataba useme hivyo mapema na sio miaka mitatu baadaye unaona mabehewa yamepaki kwenye majani.

Angalia chini ya treni, sio treni

Picha za ajali zote zinapiga mabehewa yaliyolala. Wewe tafuta ile picha moja inayoonyesha njia. Mataruma ni ya mbao yaliyooza, ya chuma au ya zege? Kokoto zipo au ni udongo na nyasi? Reli imekatika, imepinda, au imesimama vizuri? Kalavati limezolewa? Reli ya kati ya Tanzania kwa muda mrefu ilikuwa na vipande vya uzito wa ratili 56 na 60 kwa kila yadi ya reli, hizo ni reli nyembamba, vipande vingine ndo vimebadilishwa kuwa 80. Ukileta kichwa kizito kilichozoea reli nene za Ulaya ukakipitisha hapo, lawama itagawanyika kati ya aliyenunua kichwa na aliyekiruhusu kupita.

Tofautisha pia anayetoa taarifa. Msemaji wa shirika siku ya kwanza anaweza kukupa idadi ya majeruhi na namba ya treni, basi, chanzo hajui na akikwambia anakijua siku hiyohiyo jiulize kakijuaje. Ajali ya Malolo, Tabora, Juni 2022, ambayo iliua watu 4 na kujeruhi 132, kuna watu walikuwa na chanzo kamili ndani ya dakika. Tanzania msimamizi wa usalama wa reli ni LATRA, kwa hiyo kabla ya kuandika "wamesema" taja nani: shirika lenyewe, LATRA, tume ya waziri, au jamaa mwenye simu aliyekuwa behewa la tatu. Huyo wa mwisho usimdharau, mara nyingi ndo anakumbuka kwamba treni ilikuwa inatingishika toka stesheni mbili nyuma, ila yeye anakupa alichosikia mwilini, sababu hana.

Mwisho picha yenyewe. Ajali za treni zina tabia ya kurudi, picha ya Kongo ya miaka mitano nyuma inawekwa kama ya Dodoma ya leo asubuhi. Angalia rangi na nembo ya shirika, upana wa reli kama macho yako yameshazoea, maandishi ubavuni, hata sare za askari. Halafu itafute picha hiyohiyo kwa kutumia picha badala ya maneno, Google Lens inakupa jibu bure. Ukikuta ilishawekwa 2019, ifute kwenye grupu na umwambie na aliyekutumia, hata kama ni mjomba.