Kipande cha mpira kinatosha kusikilizia injini

Ndugu zangu wenye magari hapa Tanga, injini ikianza kupiga kelele usikimbilie kubadilisha spea kwa kubahatisha. Chukua mpira wa maji kama mita moja, ncha moja weka sikioni, nyingine isogeze karibu na altaneta (inayochaji betri), kisha wota pampu (inayozungusha maji ya kupooza injini), kisha beringi ya kukazia mkanda. Penye ubovu utasikia mkwaruzo mkavu umezidi ghafla. Beringi nzima huvuma kwa ulaini tu. Mpira usiguse mkanda wala feni, na shati lisining'inie, tafadhali: feni ya umeme huwaka yenyewe bila taarifa. Ukishajua kelele inatoka wapi, ukienda Ngamiani kutafuta spea unaulizia beringi, si altaneta nzima.