Kabla hujajiita mpagani, au hujakataa kuitwa hivyo

Anza na neno lenyewe. Linatokana na Kilatini, paganus, mtu wa kijijini. Utotoni kwetu Mvumi, Dodoma, lilikuwa tusi, hadi nilipotambua kwamba anayetukanwa ni babu yangu. Babu hakubatizwa, lakini alimwomba Mulungu, jina lilelile lililomo kwenye Biblia ya Kigogo.

Halafu nenda kwa wazee. Siku ya kwanza usishike daftari, shika jembe, mkapalilie uwele. Wakikuzoea, uliza: mnapotambika mnamwomba nani? Shangazi alinijibu huku akipepeta, "Waliotangulia hatuwaabudu, mwanangu. Tunawatuma kwa Mulungu." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini zamani tambiko la mvua lilitaka ng'ombe mweusi: ni rangi ya wingu lenye maji, ndilo waliotangulia walilotumwa kuomba.

Sasa jipime. Januari, mtama umenyauka, anga jeupe. Neno gani linakutoka kwanza? Liandike. Hilo lina uzito kuliko unachojaza kwenye fomu.

Ukishaamua, Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inakulinda, hata ukibadili imani. Ila nyumbani si mahakamani. Usitangaze msibani wala harusini. Mwambie mama kwanza, jioni, mkiwa wawili, na umwache alie akitaka.

Mimi Krismasi namsindikiza mama kanisani. Na kila mwaka kabla ya kupanda, namwaga maji kidogo kwenye kaburi la babu, namtaja kwa jina.