Hema, Gari au Kambi ya Kulipia: Jinsi Ufunguo wa Gari Ulivyoniponza Uskoti

Katika mwaka wangu wa tatu Glasgow nilipatikana na hatia ya kosa la ulevi barabarani, kwa usiku ambao sikuendesha gari hata hatua moja. Ninaandika haya kwa sababu kila majira ya joto yakikaribia, vijana wetu Watanzania walioko huku huanza kuulizana wanunue hema gani au kama si nafuu zaidi kulala garini, na wote huhesabu pauni tu, ilhali jambo zito katika uchaguzi huo ni sheria.

Sheria ya mageuzi ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu, awe mwenyeji au mgeni, haki ya kutembea na kulala katika sehemu kubwa ya ardhi isiyolimwa bila kumwomba mwenyewe, ilimradi mwende wachache, mkae usiku mbili au tatu tu mahali pamoja, mjitenge na nyumba na barabara, na msiache taka wala alama ya moto. Shikeni sana neno hili: haki hiyo ni ya mtu anayekwenda kwa miguu na hema lake, si ya gari. Vyombo vya moto vimetolewa waziwazi katika haki hiyo, kwa hiyo anayelala ndani ya gari, au katika hema lililofungwa juu ya paa la gari, hana haki hiyo ya kuegemea. Kando ya Loch Lomond, ziwa kubwa la Uskoti, kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Septemba, hata hema linahitaji kibali katika maeneo yaliyotengwa. Mkivuka mpaka kuingia England, mambo hugeuka kabisa: bila ruhusa ya mwenye ardhi huruhusiwi kulala, isipokuwa katika ardhi ya pamoja ya Dartmoor, nyanda za juu za kusini-magharibi mwa England, ambako Mahakama ya Juu ilithibitisha haki hiyo mwezi Mei 2025.

Sasa niwaeleze yaliyonipata. Nilinunua hema la bei rahisi, lile linalojifungua lenyewe ukilitupa hewani, lenye kitambaa cha safu moja, nikiamini kwamba hema ni hema. Tulilisimamisha vizuri upande wa juu wa maegesho yaliyo kando ya ziwa, tukala, tukanywa bia chache, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nia ya kuendesha kabla ya mchana wa siku ya pili. Saa nane usiku upepo uliinuka, nguzo zikavunjika, na maji yakaingia hadi kwenye mifuko ya kulalia. Nilikimbilia garini, nikaketi kiti cha dereva, nikawasha injini ili nipate joto, nikalala. Saa kumi alfajiri nilizinduliwa na mwanga wa tochi dirishani.

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tunaponaswa. Katika nchi hii, kuendesha ukiwa umelewa ni kosa moja, na kuwa na gari chini ya mamlaka yako ukiwa umepita kiwango ni kosa jingine, hata kama limesimama na wewe umelala. Ufunguo ukiwa mfukoni mwako na gari likiwa mahali panapofikiwa na umma, yakiwemo maegesho, tayari uko hatarini. Unaweza kujitetea kwamba hapakuwa na uwezekano wa wewe kuendesha kabla pombe haijashuka, lakini mzigo wa kuonyesha hivyo ni wako, na mtu aliyekutwa kwenye kiti cha dereva injini ikinguruma ataubeba kwa shida sana. Kiwango cha Uskoti nacho ni kidogo kuliko cha England: tangu Desemba 2014 ni miligramu 50 za pombe katika mililita 100 za damu, wakati England wamebaki na 80. Wala msifikirie kukataa kupuliza kipimo, kwa sababu kukataa bila sababu ya msingi ni kosa linalojitegemea.

Adhabu ya kosa hilo inaweza kufika kifungo cha miezi mitatu na faini ya pauni 2,500. Mimi nilitozwa faini na kupewa pointi 10 za adhabu kwenye leseni, chini ya alama ya DR40, yaani msimbo wa kosa hilo, ambayo hukaa miaka minne. Bima ya gari ilipanda. Lililoniuma kuliko yote ni kwamba fomu ya kuomba uraia inauliza hukumu za jinai, za barabarani zikiwemo, na nilikuwa nimeanza kuijaza.

Nilipopiga simu nyumbani Moshi, binamu yangu aliniuliza kwa nini sikuzungumza na askari yakaisha palepale. Ndugu zetu, mnatupenda, lakini msitushauri hivyo: kumtolea askari fedha huku ni kujiongezea kosa kubwa kuliko la kwanza. Shangazi naye alishangaa tunalalaje porini kama waliokimbia vita ilhali tuna nyumba, na ninamwelewa, kwa kuwa kwetu hema ni la watalii na wapagazi wa Kilimanjaro. Huku watu wanaupenda mlima na mvua yake kwa moyo wote, na hilo nimejifunza kwao kwa shukrani. Askari walionikamata walikuwa na adabu muda wote, hata walinipa blanketi, lakini upole wao haukupunguza kosa hata chembe, na mgeni asidhani kwamba anayezungumziwa kwa heshima amekwisha kusamehewa.

Kwa hiyo chagueni hema la safu mbili lenye nguzo imara na chandarua chenye matundu madogo sana, kwa sababu usubi wa Uskoti wakati wa joto hauna huruma. Chini tandikeni godoro, kwa kuwa baridi hutoka ardhini. Machela ya kufunga kwenye miti inahitaji miti, na milima mingi ya huko haina. Jiko la mkaa lisiingie hemani kamwe, hata likionekana limezimika. Sumu yake mnaijua. Wenye watoto na wanaotaka kulala garini waende kambi za kulipia, na huko pia anayekunywa asishike ufunguo. Narudia: anayekunywa asishike ufunguo, wala asiingie garini kwa sababu ya mvua.

Mwezi Juni tunakwenda tena, watu wanne na mahema mawili, na ufunguo utakaa kwa shemeji yangu, ambaye hanywi.