Somo: Kukarabati nyumba ya kale ya matofali ya kuchoma, iwe ya kuishi au ya biashara

Swali ni lilelile kila mara, maneno tu ndiyo hubadilika: mtu amenunua au amerithi nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma, anataka kujua aanzie wapi na kama apige lipu ya saruji. Nimechoka kulijibu vipande vipande, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Ninazungumzia nyumba za nyanda za juu, kama hizi zetu za Iringa, zenye kuta nene za matofali yaliyochomwa kwa kuni na kuunganishwa kwa udongo au chokaa. Katika nyumba yangu, vyumba viwili vya mbele ni duka na ofisi, na familia inaishi nyuma.

Hatua ya 1: Vibali. Nenda halmashauri kabla hujanunua hata msumari. Hati ikisema makazi, duka litahitaji maombi ya kubadili matumizi kuwa makazi na biashara. Kama jengo lina historia inayojulikana, uliza pia kama linalindwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Hatua ya 2: Paa. Ziba panapovuja kwanza, maana ukuta unaolowa kutoka juu haukarabatiki.

Hatua ya 3: Maji ya chini. Miaka mingi ya kufagia na kumwaga taka huinua udongo wa nje hadi ukapita usawa wa sakafu. Uchimbe, uushushe, na upeleke maji ya mabati mbali na msingi.

Hatua ya 4: Mbao. Gonga kila kenchi na kila fremu kwa nyundo. Palipoliwa na mchwa patalia tofauti.

Hatua ya 5: Viungo na lipu. Hapa ndipo nilipoharibu. Ukuta wa mashariki ulikuwa na unyevu, fundi akanishauri tupige lipu ya saruji kimo cha mita moja, ndani na nje, ili tuufunge, nami nikakubali bila kuuliza. Tofali la zamani hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa taratibu kupitia uso wake na viungo vyake laini. Ukiziba njia hiyo, maji hupanda yakitafuta pengine pa kutokea. Baada ya misimu miwili ya mvua unyevu ulikuwa umefika usawa wa dirisha, chumvi nyeupe imetanda kama unga uliomwagika, na nilipogonga lipu kwa kidole ikalia kama debe tupu. Tulipoibandua ilitoka na nyuso za matofali, na ndani yake tofali lilikuwa laini kiasi cha kukwanguka kwa ukucha. Ngozi ya tofali iliyoungua vizuri ikishatoka hairudi, na matofali yale ilibidi tuyang'oe moja moja na kuweka mengine.

Njia iliyo sahihi ni hii: chokonoa viungo vibovu kwa patasi na nyundo ndogo hadi kina cha sentimita 2.5 hivi, wala usitumie grenda, kwa kuwa hula kingo za tofali. Piga brashi, nyunyiza maji, kisha jaza kwa chokaa iliyozimwa, sehemu 1 kwa sehemu 3 za mchanga mkali. Funika kwa magunia yaliyolowa kwa wiki nzima, kwa sababu chokaa huganda kwa kuvuta hewa polepole, na ikikaushwa na jua itageuka vumbi.

Onyo: ukizima chokaa mwenyewe, tia chokaa ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe usimwage maji juu ya chokaa. Huchemka na kuruka. Vaa miwani na glavu, na watoto wasikaribie.

Hatua ya 6: Umeme. Mpe fundi mwenye leseni, na abadilishe nyaya zote.

Hatua ya 7: Rangi. Paka chokaa, kwani rangi ya plastiki huziba ukuta kama saruji.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Makambako: Fundi wangu anasema saruji ni imara zaidi. Nichanganye kidogo tu?
Jibu: Tafadhali soma hatua ya 5.

Mwanachama wa Mbeya: Nyumba nzima itanigharimu shilingi ngapi?
Jibu: Ndugu yangu, hukutaja ukubwa, hali ya paa wala idadi ya vyumba. Sipigi ramli.

Mwanachama wa Tukuyu: Kwetu mvua ni nyingi na chokaa huchelewa kuganda. Babu alikuwa akisaga vigae na matofali mabovu akachanganya humo. Je, kuna maana yoyote?
Jibu: Ipo, na nimefurahi umeuliza. Unga wa tofali lililochomwa kwa moto mdogo hushikana na chokaa na kuifanya igande hata penye unyevu. Usage uwe laini kama unga wa ugali, uuchekeche, kisha ujaribu kwanza kwenye kipande kidogo cha ukuta wa nyuma. Nitashukuru ukituletea matokeo baada ya mvua.

Mwanachama wa Zanzibar: Huku Mji Mkongwe kuta ni za mawe ya matumbawe, lakini saruji imetutenda hayohayo.
Jibu: Ndiyo maana huwaambia watu wamtafute fundi wa pwani aliyezoea chokaa, hata kama hajawahi kugusa tofali.

Mwanachama wa Njombe: Nitafungua duka la dawa. Rafu nizifungeje bila kuumiza ukuta?
Jibu: Toboa kwenye kiungo, usitoboe tofali, kwa kuwa kiungo hujazwa upya siku ukihamisha rafu. Rafu yangu ya kwanza niliifunga kwenye matofali yenyewe. Matundu manne bado yapo, nimeyafunika kwa kalenda.